Miezi Mia Nne na Mitatu ya Kanyange

Wapo watu hapa mtaani kwetu Nyamirambo wanaosema mpaka leo kwamba wifi yangu Kanyange aliolewa haraka kwa sababu alikuwa na mimba. Hakuwa na mimba. Nasema hivyo nikijua, kwa kuwa mtu wa kwanza kuiamini habari hiyo nilikuwa mimi, na ni mimi niliyeitoa nje ya nyumba. Naandika ili jina lake lisafishwe na mkono uleule uliolichafua, na ili watoto wa ukoo wa Bayingana wakisikia maneno ya barazani wawe na kitu cha kusoma.

Alikuja kwetu mwaka 1980, akiwa na miaka saba, mwezi mmoja baada ya mama yao kufariki. Marehemu mume wangu, Bayingana, alikuwa kaka yake wa tumbo moja, lakini alimzidi miaka ishirini na zaidi, hivyo mtoto yule alimwogopa kama baba. Mimi aliniita Wifi tangu siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Sisi hatukujaliwa mtoto. Bayingana alikuwa mtunza ghala katika kampuni ya kahawa, mimi nilifundisha shule ya msingi. Nilikulia Bukoba na kusoma huko hadi kidato cha nne, ndiyo maana majirani wananiita Mwalimu, hata wale ambao sikuwahi kuwafundisha.

Nyumba yetu ilijulikana. Mapazia yalikuwa meupe na yalifuliwa kila Alhamisi. Hakuna mtu wa kwetu aliyekula njiani, wala aliyetumwa kwa jirani kuomba chumvi. Bayingana alipofariki mwaka 1988 watu walingoja waone kama mambo yatalegea. Hayakulegea. Pazia lilichakaa, nikaligeuza nje ndani, likaendelea kuning'inia.

Kanyange alipovunja ungo mwaka 1987 nilimpeleka mwenyewe kwenye duka la dawa la Madame Épiphanie, lililo kwenye barabara ya kuelekea msikitini, nikamwonyesha pakiti za pamba zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikamwambia kwamba msichana wa nyumba hii atatumia hizi, mbili kila mwezi, na kwamba vitambaa ni vya watu wasio na kwao. Nilisema hivyo kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Nilipokuwa bwenini, wasichana tuliotoka vijijini tulifua vitambaa vyetu alfajiri na kuvificha chini ya godoro vikiwa bado vibichi. Binti wa mkuu wa wilaya alipita siku moja kitanda hadi kitanda akinusa, wenzake wakicheka. Alisimama kwenye kitanda changu. Jambo hilo sikumwambia Kanyange. Nilimwambia habari za pakiti tu.

Mwanzoni pakiti moja iliuzwa faranga mia na ishirini. Mwishoni mwa mwaka 1990 faranga iliposhushwa thamani, ikapanda mpaka mia na tisini. Kila mwanzo wa mwezi nilimtia Kanyange mkononi faranga mia tatu na themanini, bila neno. Yeye alikunja mkono bila neno. Madame Épiphanie alizifunga pakiti katika gazeti, akazifunga tena kwa uzi, na msichana akarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kununua dawa ya malaria. Kwa miaka mitano jambo lenyewe halikutajwa kati yetu kwa jina lake, na mimi niliona huo ndio ustaarabu.

Mwaka huohuo wa 1990, mwezi wa Oktoba, vita vilianza mpakani kaskazini. Hapa mjini watu walichukuliwa majumbani, wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Vizuizi viliwekwa barabarani, na tangu hapo mtu asiye na kitambulisho hakuweza kutoka Nyamirambo kwenda mjini, wala kushuka bondeni Kimisagara. Kwenda mkoa mwingine kulihitaji karatasi ya ruhusa yenye muhuri. Tulizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Kanyange alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu. Sekondari hakupata. Si kwa kukosa akili, maana alinipa jibu la hesabu kabla sijamaliza kuandika swali. Majina ya waliochaguliwa yalikuwa machache na lake halikuwamo, na sababu zake, zile za kabila, kila mtu alizijua na hakuna aliyezisema. Mwanzoni mwa mwaka 1991 aliomba akajifunze kushona kwa fundi Évode, mzee mmoja Mkatoliki mwenye cherehani tatu pale Kimisagara. Nilikubali kwa sababu mzee alikuwa mpole na wanafunzi wake wote walikuwa wasichana. Nilidhani anapoteza muda mpaka apate mume.

Mwaka huo mume alitokea. Gakwaya, mwenye malori mawili yaliyokwenda Bujumbura na nyumba ya matofali pale Gisimenti, alikuwa amefiwa na mke. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na saba na alikuwa na wana watatu wakubwa. Alipitia kwa Ismaël, mtoto wa baba mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya ndoa. Nilimkaribisha Ismaël, nikamwandalia chai yenye maziwa na maandazi, nikamwambia kwamba binti wa nyumba hii hakulelewa ili akalee wana wenye ndevu. Ismaël alikunywa chai yote. Alipoondoka alisema, "Haya, Mwalimu. Siku utakayoniita mwenyewe, usinipe maandazi."

Sasa niseme alichokitaka Kanyange, ingawa wakati ule sikukijua. Alitaka cherehani ile nyeusi ya miguu ya fundi Évode, iliyokuwa karibu na mlango. Mzee alikuwa anahamia Butare kwa watoto wake mwishoni mwa Aprili 1992. Wakati wa Noeli aliwatangazia wanafunzi kwamba ataiuza kwa faranga elfu thelathini, na Kanyange akamwomba amwekee mpaka siku ya mwisho. Mwenye cherehani yake angepata nafasi katika karakana ileile na kushona kwa jina lake. Asingelishwa na mimi, wala na Ismaël, wala na mtu yeyote ambaye angemchagulia.

Ramadhani ya mwaka 1992 ilianza mwezi wa Machi. Katika kumi la mwisho nilikwenda kwa Madame Épiphanie kununua dawa ya macho. Aliifunga, akasogeza uso wake karibu na wangu ili mteja mwingine asisikie.

"Madame Mwalimu, mutoto wako alipata duka lingine? Kama ni bei, tunaweza kuongea. Tangu Noeli simuoni."

Nilimjibu kwamba nilikuwa nikizinunua mjini. Nilitoka pale nikiwa nimeshika dawa ya macho na vidole vyangu vinahesabu: Desemba, Januari, Februari, Machi.

Nyumbani nikaanza kuangalia. Katika nyumba ya Kiislamu mwezi wa Ramadhani hauachi siri ya aina hiyo ijifiche kwa urahisi. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, hula, na baadaye huzilipa siku zile. Kwetu hilo lilikuwa na utaratibu wake: sahani iliyofunikwa iliwekwa chumba cha nyuma, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mimi mwenyewe mwezi ule nilikula siku sita. Sahani ya Kanyange haikuonekana. Kila usiku aliamka kula daku, kila jioni aliketi nami kwenye futari na kumeza mate kama kila aliyefunga. Zilipotimia siku ishirini na sita usingizi ulinipotea.

Asubuhi ya Idi nilimkuta anapiga pasi. Nikamuuliza ana siku ngapi za kulipa.

Hakuinua macho. "Sina, Wifi. Nimefunga zote."

Ulikuwa uongo, na leo najua ulitoka wapi. Kama angesema sita, ningemuuliza alitumia nini siku hizo sita, wakati pakiti hazikununuliwa. Alikuwa amekula mkate na chai ya rangi kwa fundi Évode pamoja na wasichana Wakristo, akaziandika siku zile mahali ili azilipe. Lakini mimi nilichosikia ni jibu la mwisho la hesabu niliyokwisha kuifanya.

Mtu mwingine angefunga mlango na kumuuliza waziwazi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Nilikuwa nikisimama mbele ya watoto hamsini na kuwafafanulia sehemu na desimali, lakini maneno matatu ya kumwambia msichana niliyemlea yalinishinda. Badala yake nilimwambia aniletee kitambulisho chake. Nikakitia kabatini pamoja na karatasi za marehemu, nikageuza ufunguo, nikauvaa shingoni. Nikamwambia mji si salama, asishuke Kimisagara mpaka nitakapomruhusu. Haukuwa uongo mtupu. Wiki ile guruneti lilikuwa limetupwa kwenye kituo cha magari. Hakuhitaji kufungiwa chumbani. Bila kadi ile mji wote ulikuwa umefungwa.

Kisha nikamwita Ismaël. Sikumpa maandazi. Nilimuuliza kama yule mtu wa Gisimenti bado anataka.

"Mwaka jana alikuwa mzee," alisema. "Kwa nini leo amekuwa kijana?"

"Kwa sababu leo bado haijaonekana."

Aliapa kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake. Usiku uleule lilifika kwa mkewe, na mke wa Ismaël si mtu wa kulala na neno tumboni. Gakwaya hakuambiwa chochote ila kwamba Mwalimu amefikiri upya. Alifurahi kwa dhati, naye ni mtu asiye na hila. Ndani ya siku nne alileta mahari, faranga elfu sitini, na doti za vitenge, na ndoa ikapangwa Jumapili ya mwisho ya Aprili.

Nilipomwambia Kanyange, alidhani namtania. Alicheka kidogo, akaangalia uso wangu, akaacha. Siku ya pili aliomba kitambulisho kwa siku moja tu, akashuke kwa fundi Évode. Siku ya tatu aliomba kwa saa moja. Mimi nilikuwa na hakika kwamba huyo mwanamume alikuwa hukohuko bondeni, nikamuuliza kuna nani Kimisagara.

"Kuna cherehani," alisema.

Nililichukulia neno hilo kuwa ufidhuli. Nilimpiga kofi, la kwanza tangu aje kwetu.

Asubuhi moja aliondoka alfajiri bila kadi. Kwenye kizuizi cha chini ya msikiti askari walimrudisha, na kijana mmoja wa mtaa aliyekuwa pamoja nao akamsindikiza mpaka mlangoni kwetu, huku bunduki ya askari mmoja ikifuata nyuma. Watu walikuwa wanafungua maduka. Kila aliyemwona alikuwa na la kuongeza kwenye lile la mke wa Ismaël. Tangu siku hiyo hakuomba tena. Alikaa chumba cha nyuma akishona mikunjo ya shuka zangu ambazo hazikuwa zimefumuka.

Jumamosi, siku moja kabla ya ndoa, alikuja Kabagwira, shangazi mzee asiye na meno, ambaye ndiye somo wa maharusi wote wa ukoo wetu. Kazi yake ni kumwogesha bibi harusi, kumpaka hina na kumfundisha yale ambayo sisi wengine hatuyasemi. Wanawake walijaa sebuleni, wakiimba kwa sauti ya chini kwa sababu ya hali ya mji. Mimi nilikuwa napitisha bilauri za sharubati. Kabagwira hakukaa chumbani robo saa. Alitoka, akaketi kizingitini akitikisika kwa kicheko.

"Mwalimu, ambia ule muzee wa malori apige breki. Bibi harusi iko mu siku zake. Angoje siku tano, sita."

Wanawake walicheka, wawili hawakucheka. Niliona wakitazamana. Niliweka sinia mezani taratibu ili bilauri zisigongane.

"Una hakika, shangazi?"

"Mimi nimeosha maharusi tangu wakati wa Wabelgiji," alisema. "Nisijue damu?"

Nikaingia, nikafunga mlango. Kanyange alikuwa ameketi mkekani na hina kwenye mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mweupe, haujapakwa. Alinitazama usoni, na nadhani kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale, kwa maana nilikuwa nimechoka kukificha.

"Ulidhani nina mimba," alisema.

Hakuwa anauliza. Akanielekeza kwa kidevu furushi la nguo lililokuwa kwenye kona, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na hina mbichi. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na vitambaa sita, flaneli upande wa ndani na pamba upande wa nje, vimeshonwa kwa mishono midogo midogo, kila kimoja na kamba zake za kufungia. Nilikisogeza kimoja puani bila kukusudia. Kilinuka sabuni. Chini yake kulikuwa na daftari la shule, la aina ileile niliyowagawia wanafunzi wangu.

Nilisoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi, kuanzia juu. Alikuwa ameandika umri wake, kumi na tisa, na umri ambao mwanamke kwa kawaida huachana na mambo hayo, hamsini. Miaka thelathini na mmoja. Hakuzidisha kwa kumi na mbili kama ambavyo ningefanya mimi. Alizidisha kwa kumi na tatu, akieleza pembeni kwamba mwezi wa mwanamke una siku ishirini na nane, si thelathini. Miezi mia nne na mitatu. Kila mwezi faranga mia tatu na themanini, kwa bei ya leo, ambayo haitashuka. Jumla faranga laki moja, elfu hamsini na tatu, mia moja na arobaini. Upande wa pili wa ukurasa aliandika vitambaa: seti moja ya sita kwa faranga mia sita, hudumu miaka miwili, kwa hiyo seti kumi na sita maisha yote. Sabuni ya faranga ishirini kila mwezi. Jumla elfu kumi na saba, mia sita na sitini. Tofauti aliipigia mstari mara mbili, na chini yake akaandika: cherehani nne na chenji.

Hesabu haikuwa na kosa hata moja.

Kurasa zilizofuata zilikuwa na majina. Tangu alipojifunza kushona alikuwa akizitengeneza seti zile kwa mabaki ya karakana na kuwauzia wanawake, akiwaonyesha ukurasa ule wa kwanza. Kulikuwa na wauza ndizi, mke wa dereva, muuguzi. Kulikuwa na walimu watatu wa shule yangu, ambao kila siku nilikunywa chai pamoja nao. Kila seti ilimbakishia faranga mia tatu na hamsini. Zote zilikaa kwa fundi Évode ndani ya kopo, na zilikuwa zimefika elfu ishirini na mbili. Mpaka Desemba alikuwa ananunua pakiti moja kila mwezi ili Madame Épiphanie amwone. Mzee alipotangaza bei ya cherehani, akaacha na hiyo moja. Vitambaa vyake mwenyewe alivifua na kuvianika kwenye paa la kibanda nyuma ya karakana.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari sita ya wima, na neno moja: kulipa.

"Kwa nini hukuvianika hapa?" nilimuuliza. Ndilo swali lililonijia.

"Ulisema ni vya watu wasio na kwao."

Nje walikuwa wameanza wimbo mwingine. Kanyange alishusha sauti, akasema kwa utulivu, kama mtu aliyelipanga neno lake siku nyingi.

"Leo Jumamosi. Évode anaondoka Alhamisi. Nane zinazopungua atakubali nimlipe kwa kazi, alishaniambia. Nipe kitambulisho changu, Wifi."

"Na harusi?"

"Mwambie kaka Ismaël ulikosea."

Nilisimama. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaingia chumbani kwangu, nikakaa mbele ya kabati na ufunguo mkononi. Nataka nieleze kwa haki nilichokiwaza, maana si kwamba sikuwaza. Niliwaza kwamba ndoa ikivunjwa usiku wa hina, na neno limekwisha kutoka, hakuna atakayeamini kwamba msichana hana kitu. Watasema bwana harusi amesikia na kukimbia. Watasema mimba imetolewa, na damu ile Kabagwira aliyoiona ndiyo ushahidi. Kitu kimoja tu kingeweza kuwanyamazisha, nacho ni sinia la pilau Jumapili na bibi harusi akitoka mlango wa mbele. Na niliwaza jambo jingine, ambalo sitalificha. Ili kusema nimekosea, ingenibidi niwaeleze wanaume wa ukoo jinsi nilivyohesabu: pakiti za dukani, sahani za Ramadhani. Ningesimama mbele ya Ismaël, mimi niliyemrudisha na maandazi yake, na kusema maneno hayo moja moja.

Ufunguo ulipata joto mkononi mwangu. Nikaurudisha shingoni.

Nilipoingia kwake alinyoosha mkono ule mweupe, kiganja juu, akidhani nimekuja na kitambulisho. Nikaketi, nikavuta bakuli la hina.

"Mkono wa kushoto bado," nikamwambia.

Kisha akauacha mkono ulegee, nami nikaanza kumpaka.

Ndoa ilifungwa. Gakwaya aliambiwa asubiri siku sita, akasubiri. Baada ya pilau aliniomba kitambulisho cha mkewe kwa ajili ya kuandikisha ndoa serikalini, kwenye komini. Nilikitoa kabatini nikampa yeye. Kanyange alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, na ningeweza kunyoosha mkono tu.

Alhamisi nilishuka Kimisagara. Cherehani nyeusi ilikuwa bado karibu na mlango, nayo imefungwa kamba, ikimngoja mnunuzi mwingine. Mzee Évode alinipa kopo bila kunikaribisha kiti. Nililipeleka Gisimenti. Gakwaya alipoelewa pesa zile zilikuwa za nini, aliguswa. Aliongeza zake na kumnunulia mkewe cherehani mpya kabisa, yenye maua ya dhahabu ubavuni, akaiweka sebuleni na kuifunika kwa kitambaa cha lesi. Lakini kushonea watu alikataa. Mtu mwenye malori mawili, alisema, mkewe hapimi viuno vya wapita njia. Kadi ya mkewe anaiweka mwenyewe, kwenye mkoba wa nyaraka za magari, kwa usalama wake.

Watu walihesabu. Miezi saba ilipita bila mtoto, na miezi tisa, na mwaka. Walioapa kwamba aliolewa na mimba hawakufuta maneno yao. Waliongeza tu kwamba sasa ni tasa.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, 1993, nilikwenda kumtembelea. Nilipofungua geti nilisimama. Kwenye kamba ya mbele, si ya nyuma, katikati ya mashati ya Gakwaya, vilikuwa vimeanikwa vitambaa sita vya flaneli, vimebanwa vizuri kwa vibanio, kamba zake zikining'inia. Nyumba ile inatazamana na baa mbili na duka la viatu. Kila anayepita barabarani anaviona. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kamba, nikashika kibanio cha kwanza.

"Viache, Wifi."

Alikuwa amesimama barazani na ufagio. Amenenepa kidogo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanaona, kwamba mumewe ni mtu mwenye jina, na sisi pia.

"Pesa za pakiti anazo, nikimwomba atanipa," alisema. "Sitaki kumwomba." Akaendelea kufagia. "Vinahitaji jua. Ningevianika kwako hivi, ungejua sikuwa na mimba."

Mkono wangu ulibaki kwenye kibanio. Kijana mmoja wa duka la viatu alikuwa anatutazama. Nikauondoa.

Tuliketi barazani mpaka vilipokauka. Aliniuliza kuhusu mapazia, nikamwambia nimenunua mengine. Alipovikunja vyote sita aliviweka mapajani, akanikaribisha ndani kwa chai. Cherehani ilikuwa pale pembeni, na lesi yake imenyooka bila mkunjo. Alikuwa hajamaliza kumimina honi ya lori iliposikika nje. Akaweka birika chini, akaenda kufungua geti.